Milango Sita: Shajara ya Nyumba ya Highfields

Jumamosi, 11 Januari 2025

Mzee alinipigia simu jana usiku. Bima ya nyumba yake inaisha mwisho wa Machi, na safari hii kampuni imemtaka alete tathmini ya hatari ya moto iliyoandikwa yote, si muhtasari. "Fundi, karatasi iko," akaniambia. "Wakala wa nyumba alileta." Leo nimeiona hiyo karatasi. Ni ukurasa mmoja, na kwenye mstari wa milango pameandikwa neno moja tu: sawa.

Kiswahili ndicho kinachotukutanisha mimi na yeye. Mimi ni seremala wa Tanga, nimefika Leicester, Uingereza, kwa njia zangu. Yeye alizaliwa Jinja, akaja hapa mwaka 1972 Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, mwaka uleule ambao halmashauri ya mji huu ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije Leicester. Wakaja. Kiswahili chake ni cha dukani, ngeli aliziacha Jinja, lakini bei haimpotei hata moja.

Nyumba iko mtaa wa Highfields, ya matofali mekundu, ya enzi za Malkia Victoria, imebanana na majirani kulia na kushoto. Ina chini, kati na juu, pamoja na chumba cha chini ya ardhi. Miaka ya themanini mtu aliyekuwa nayo kabla ya Mzee aliikata fleti nne: mbili chini, moja kati, moja juu. Ngazi ni moja. Moto ukitoka fleti ya chini ukaingia kwenye ngazi, anayekaa juu amebakiwa na dirisha.

Milango ninayoihesabu ni sita: minne ya kuingilia fleti, mmoja wa kabati la mita za umeme, mmoja wa kushukia chini ya ardhi. Mlango wa barabarani haumo. Wengi hudhani huo ndio wa kwanza, kumbe kazi yake ni kukutoa nje tu; kinachotakiwa ni ufunguke kwa mkono bila mtu kutafuta ufunguo gizani. Wetu ulikuwa na kitasa cha ufunguo pande zote mbili. Nimekitoa leo hii, kabla ya hesabu yoyote ya mradi, nikaweka cha kuzungusha kwa ndani.

Jumapili, 12 Januari

Chai, chapati za jana, na sheria.

Amri ya usalama wa moto ya mwaka 2005 inamtaka mwenye dhamana ya jengo afanye tathmini na avitunze vitu vya kuzuia moto. Hapa mwenye dhamana ni Mzee. Wakala anasaidia tu. Kwa miaka mingi watu walibishana kama mlango wa fleti ni wa jengo au ni wa mpangaji. Kisha tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell, London, likaungua, watu 72 wakafa. Milango siyo iliyoupandisha moto ule ukutani. Hilo lilikuwa la mabamba ya nje. Lakini moshi ulipita milangoni ukajaa kwenye korido na ngazi, milango mingine haikuwa na kifaa cha kuirudisha ijifunge, na mlango mmoja wa humo ulipokuja kupimwa ulidumu kama dakika 15 badala ya 30. Sheria ya mwaka 2021 ikamaliza ubishi: mlango wa fleti unahesabika. Kanuni zilizoanza Januari 2023 zikaongeza kwamba wapangaji waelezwe kuhusu milango hiyo wanapohamia na kila mwaka. Na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2023 tathmini inaandikwa yote, hata jengo liwe dogo. Ndiyo maana ukurasa mmoja wa wakala hauuziki tena.

Mpwa wa Mzee, aliyesoma kitu kwenye simu, amemwambia kila mlango lazima ukaguliwe kila miezi mitatu, la sivyo jela. Amechanganya. Ukaguzi wa lazima wa kila miezi mitatu kwa milango ya pamoja, na wa kila mwaka kwa milango ya fleti, ni wa majengo yanayozidi mita 11. Letu ni fupi. Jela ipo kweli, hadi miaka miwili, na faini yake haina kikomo, lakini ni ya mtu aliyezembea mpaka akahatarisha roho za watu, si ya aliyesahau kutia alama kwenye fomu mwezi wa Aprili.

Nimemwambia Mzee tutakagua kila miezi mitatu vilevile, walau mwaka wa kwanza. Skrubu haijui jengo lina mita ngapi.

Jumamosi, 18 Januari

Ukaguzi. Nilibeba tochi, tepu, bisibisi, simu na sarafu ya pauni moja. Sarafu hiyo ina unene wa karibu milimita 3, na uwazi unaotakiwa kati ya mlango na fremu, juu na pembeni, ni kati ya milimita 2 na 4. Sarafu ikipita kwa kubanwa kidogo, heri. Ikiogelea humo, una kazi.

Fleti ya 1, chini mbele. Mlango mzito, unene milimita 44, kama ilivyo kawaida ya mlango wa kuzuia moto kwa nusu saa. Nilinyoosha simu juu yake nikapiga picha ukingo wa juu, mahali ambapo viwanda hubandika lebo na ambapo mpaka rangi huwa hafiki. Lebo ipo: FD30, yaani mlango wa moto wa dakika 30. Nikafurahi kwa dakika moja. Bawaba ni mbili, zinatakiwa tatu. Ukanda wa moto umekatwa pale kitasa kilipobadilishwa. Uwazi upande wa kitasa ni milimita 7. Nilipitisha sarafu mbili kwa pamoja. Tundu la barua ni bati tupu, ukiinama unaona televisheni ya mpangaji.

Huu ukanda niueleze kidogo, kwa sababu Mzee aliniuliza kwa nini nahangaika na uzi. Ni utepe mwembamba uliozamishwa kwenye ukingo wa mlango au wa fremu. Hukaa miaka bila kufanya lolote. Joto likifika kama nyuzi 200 huvimba, ukaziba uwazi, mlango na fremu vikawa kitu kimoja. Ila moshi wa mwanzo huwa haujapata moto wa kuvimbisha kitu, na moshi ndio unaoua watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo pembeni ya ukanda huwa kuna brashi fupi au ulimi wa mpira wa kuuzuia. Mlango wenye vyote viwili huandikwa FD30S. Sasa ukiacha uwazi wa milimita 7, ukanda utavimba mpaka uchoke kabla haujaugusa upande wa pili.

Fleti ya 2, chini nyuma. Mlango wa plaiwudi, mtupu ndani. Niliugonga ukalia kama debe. Kwetu Tanga tunaiweka vyumbani milango hii na hakuna anayelalamika. Huu ulikuwa umepakwa rangi nyeupe ya kung'aa na kubandikwa kibao cha buluu kinachosema ni mlango wa moto. Kibao kilikuwa kigumu kuliko mlango.

Fleti ya 3, kati. Hapa palinipa tabu ya moyo. Mlango wa asili wa nyumba, msonobari wa zaidi ya miaka mia, paneli nne, kazi safi ya mkono. Viungo vyake bado havijatikisika. Mzee anaupenda. Mimi pia. Mbao za fremu yake ni nene, lakini zile paneli nilizipima kingoni nikapata milimita 9. Moto hauhangaiki na mbao nene ukiwa umepewa madirisha manne ya milimita 9. Ipo njia ya kuuimarisha kwa rangi maalumu na mbao za kuongezea, na katika nyumba zenye thamani ya kihistoria ndiyo inayofuatwa. Hapa gharama yake ingepita ya mlango mpya, na mwisho wa yote tusingekuwa na karatasi ya kuonyesha.

Fleti ya 4, juu kabisa. Mlango bora kuliko yote: lebo ipo, bawaba tatu, ukanda mzima, brashi nzima, uwazi sarafu moja kila upande. Na mkono wa kuurudisha, kile chuma cha juu kinachofanya mlango ujifunge wenyewe, umechomolewa skrubu moja, unaning'inia kama bawa la kuku aliyechinjwa.

Anayekaa humo ni bibi wa Kisomali kutoka Barawa, kwa hiyo Chimini chake, Kiswahili cha Barawa, na Kiswahili changu vinaelewana bila mkalimani. Nilimuuliza nani kauchomoa. Akanitazama tu. Nikauliza kingine.

Mlango wa 5, kabati la mita: ubao mmoja uliopinda, bila kufuli. Mlango wa 6, wa chini ya ardhi: haupo. Fremu ipo, bawaba zipo, mlango wenyewe nimeukuta huko chini umelazwa juu ya ndoo mbili, umekuwa meza ya kuwekea makopo ya rangi.

Jumatano, 22 Januari

Kikao cha bei nyumbani kwa Mzee. Mkewe alileta chevda na chai ya tangawizi, dalili kwamba kikao kitakuwa kirefu.

Nilimwambia: milango mipya minne (fleti ya 2, ya 3, kabati, chini ya ardhi), kukarabati wa fleti ya 1, kurekebisha wa fleti ya 4. Akasema mlango dukani ni pauni mia, yeye ameona. Ni kweli, mbao yenyewe unaipata kwa bei hiyo. Lakini mlango wa moto hauuzwi kama mbao. Mfano wake ulichomwa kwenye tanuru ya majaribio pamoja na aina fulani ya fremu, bawaba, kitasa na ukanda, na cheti chake ni cha ndoa ile nzima. Ukibadilisha mmoja wao kwa cha bei rahisi, una mbao nzuri na cheti cha mlango mwingine.

Mzee alinyamaza akitafuna. Kisha akasema, "Kama pikipiki na spea ya bandia." Hajawahi kunielewa haraka hivyo.

Tumekubaliana pauni 2,900, vifaa na kazi, fremu mpya mbili zikiwemo. Mlango wa asili wa fleti ya 3 nisiutupe.

Jumamosi, 1 Februari

Tumeanza na fleti ya 2, mimi na kijana wangu. Tulipong'oa mbao za pambo zinazoficha mshono wa fremu na ukuta, tulikuta uwazi wa vidole viwili, na ndani yake magazeti yamesokotwa na kushindiliwa, juu yake povu la kopo la rangi ya waridi. Kijana alivuta kipande kikatoka kirefu, kurasa za michezo, timu ya Leicester imefungwa. Akaanza kusoma.

Povu la waridi ndilo linalodanganya wengi. Kopo limeandikwa kwamba linazuia moto, na huenda ni kweli kwa mshono mwembamba kwenye ukuta wa zege, ndivyo lilivyopimwa. Kuzunguka fremu ya mlango ni habari nyingine, isipokuwa lile lililopimwa kwa kazi hiyo hasa. Tumetoa yote, tukashindilia pamba ya mwamba, tukaziba kwa lakiri inayovimba kwa joto, ndipo tukarudisha pambo. Mpangaji, akitoka kwenda zamu ya usiku, aliuliza mbona kutwa nzima tumetengeneza kitu kisichoonekana. Nilimwonyesha picha za magazeti. Picha zote nimezihifadhi kwa tarehe. Mkaguzi hataweza kung'oa pambo, ataziamini picha au hataamini kitu.

Jumapili, 2 Februari

Nimekosea, naandika ili nisijisahaulishe.

Sakafu za nyumba hizi hazijanyooka. Mlango wa fleti ya 2 ukiufungua, sakafu inapanda na zulia linaukwaruza chini. Jana jioni, nikiwa na haraka ya kuwahi gari, niliuranda chini mpaka ukapita bila kugusa. Leo asubuhi nimeufunga na kupima: uwazi wa chini ni milimita 14. Moshi wa kutosha nyumba nzima unapita hapo. Nilimpigia kelele kijana kwanza, kisha nikakumbuka randa nilikuwa nimeishika mimi. Nikamwomba radhi.

Karatasi ya kiwandani inasema uranda kiasi gani kila upande, na kwa bahati sikupita hapo. Kwa hiyo mlango ni mzima, uwazi ndio mbaya. Dawa yake niliipata kwenye neno la nyumbani: kizingiti. Nimekata ubao mgumu wa mti wa oki, nikaulaza chini ya mlango ukiwa umefungwa, zulia likaishia kwake. Sasa uwazi ni milimita 3. Kizingiti nimekichonga mteremko kingo zote mbili ili mtu asijikwae.

Jumamosi, 8 Februari

Kabati la mita na mlango wa chini ya ardhi, siku moja, bila kisa. Vyote vimefungwa kwa kufuli na kibao cha kusema vibaki vimefungwa. Milango ya fleti haihitaji kibao. Makopo ya rangi yamekwenda kwenye jaa la halmashauri, safari mbili.

Fleti ya 3 pia imepata mlango mpya wakati wa wiki. Sina la kueleza, ulikaa vizuri mara ya kwanza, jambo ambalo hunitia wasiwasi.

Jumamosi, 15 Februari

Siku ya Bibi.

Nilipanda na mkono mpya mkobani, nikijua ninakwenda kubishana. Sheria ingeniruhusu kuufunga, kuandika kwenye daftari na kushuka. Kesho yake skrubu ingekuwa chini. Nikamwomba kwanza anionyeshe anavyoingia akitoka sokoni.

Akachukua mfuko, akashika gongo lake, akatoka, akarudi. Nilirudisha mkono wa zamani kwa muda ili nione. Kufungua mlango ilibidi aweke mfuko chini, aegemeze bega, asukume. Alipoingia nusu, mlango ulimrudi kwa nguvu ukampiga gongo, gongo likaanguka. "Umeona?" akasema. "Huu mlango una ugomvi na mimi."

Mkono huwa na skrubu mbili ubavuni: moja ya mwendo wa mlango, nyingine ya kipande cha mwisho kabla ya kitasa kushika. Ya tatu ni ya nguvu. Nilipoitazama ya nguvu, ilikuwa imekazwa mpaka namba 5. Kwa mlango wa moto hairuhusiwi kushuka chini ya namba 3, lakini 5 ni ya mlango mpana zaidi na mzito zaidi ya ule. Nani aliikaza, na kwa nini? Nikaachilia mlango ujifunge polepole: ulifika kwenye kitasa ukagoma. Ulimi wa kitasa ulikuwa mkavu na bati la fremu lilikuwa limekaa chini kwa milimita mbili. Yaani kitasa kilikataa, na mtu badala ya kukitibu kitasa akaukaza mkono, mkono ukaanza kupigana na Bibi, Bibi akauchomoa. Wakala akaandika: sawa.

Nilipandisha bati, nikalichonga mdomo kwa tupa, nikautia ulimi unga wa grafiti. Nikaweka mkono mpya, namba 3, mwendo wa taratibu. Nikamwambia ajaribu. Akaingia na mfuko wake, mlango ukamfuata nyuma kama mjukuu, ukasema "ka" ukanyamaza.

Akatoka tena, akaingia tena. Mara tatu. Kisha akanipa kahawa na halua nikakaa saa nzima, na kazi ya fleti ya 1 ikasogea hadi kesho yake.

Jumapili, 23 Februari

Mpaka rangi alimaliza jana. Leo nimepita na tochi: amepaka vizuri, na amepaka brashi zote za moshi. Nywele zimegandana kama msuaki uliosahaulika dirishani. Nilikuwa nimemwambia. Nilimwambia kwa mdomo, hilo ndilo kosa langu. Ningezifunika kwa utepe mwenyewe. Brashi mpya za milango mitatu, pauni 40 na asubuhi nzima. Mzee hatalipia hii.

Jumamosi, 1 Machi

Funga ya kwanza. Msikitini kwetu tumeanza leo, jirani zetu wanaanza kesho, kama kawaida.

Kijana wa fleti ya 1 anasambaza chakula kwa baiskeli ya umeme. Leo nimemkuta ameiegesha chini ya ngazi, betri iko kwenye chaji, waya umepita juu ya viatu vya watu. Nilihisi jasho, na sikuwa nimefuturu. Nyumba nzima tumeizungushia milango ya nusu saa, na hapa kwenye njia yenyewe ya kukimbilia kuna betri ya lithiamu. Betri za namna hiyo zikilipuka hazikupi muda wa kutafuta viatu.

Hakuwa mkaidi. Chumba chake kidogo, mkewe ana mtoto mchanga, hakutaka baiskeli ilale karibu na kitanda cha mtoto. Kwa hesabu yake alikuwa anajali usalama. Tumekubaliana baiskeli na betri vihamie kibanda cha uani, Mzee amelipia fundi umeme aweke soketi salama huko, na achaji akiwa macho. Kijana ameomba na taa. Atapata taa.

Nimegawa pia barua ya wapangaji, ile ya kila mwaka, ukurasa mmoja: mlango ubaki umefungwa usipotumika, usichomoe mkono, ukiona kasoro piga namba hii. Kwa Kiingereza, na ya Bibi nimemsomea.

Alhamisi, 6 Machi

Bibi alinipigia simu kabla ya magharibi, sauti ya chini. Anakaanga sambusa za futari, moshi umejaa, kengele inalia, amefungua mlango wa ngazini na kuuzuia kwa mfuko wa mchele ili moshi utoke. Je, nimekasirika?

Sikukasirika, nilijionea aibu. Kengele ya jikoni kwake ni ya moshi. Jikoni huwekwa ya joto, isiyojali mafuta ya sambusa, na ya moshi inakaa kwenye kijikorido. Mimi nilikuwa nimetazama milango tu wiki saba. Na feni ya kutolea hewa, nilipokwenda kuiangalia usiku baada ya tarawehe, ilikuwa inazunguka bila kuvuta. Kifuniko chake cha nje kilikuwa kimezibwa na kiota cha ndege.

Kengele imebadilishwa. Kiota kilikuwa kitupu, cha mwaka jana. Mfuko wa mchele umerudi jikoni. Nilishuka na sambusa kumi na mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Mtathmini amekuja, mwanamke mmoja mtaratibu, hana haraka. Hatujuani, na nilitaka iwe hivyo. Fundi asijipime kazi yake mwenyewe. Alikaa saa nne. Aliufungua kila mlango kiasi cha kiganja akauachilia, kisha akaufungua wote akauachilia. Kila mmoja ulishika. Alipiga magoti kwenye kizingiti cha fleti ya 2 na kipimo chake, akaniuliza kwa nini nimeweka kizingiti, nikamwambia ukweli. Akacheka, akaandika.

Amenikuta na mawili. Tundu la barua la fleti ya 1 nililifunga bati la nje jipya nikasahau kuweka ganda la ndani linalovimba. Na dari ya chumba cha chini ya ardhi ina tundu ambalo bomba la zamani lilipita, ukitazama juu unaona mbao za sakafu ya fleti ya 2. Mlango wa chini ya ardhi ni mpya na una kufuli, lakini moto usingehitaji kupita mlangoni. Naongeza baadaye: yote mawili nimeyaziba siku ya Jumatatu, picha nimemtumia.

Karatasi ya safari hii ina kurasa 31. Mzee ameipima uzito mkononi kabla ya kuisoma. Bima wameipokea.

Jumamosi, 14 Juni

Ukaguzi wa kwanza wa miezi mitatu. Leo ni miaka minane tangu Grenfell, redio imesema asubuhi.

Milango ya 1, 2, 5 na 6 haina neno. Wa fleti ya 3 bawaba ya juu imelegea skrubu moja, nimeibadilisha kwa ndefu zaidi. Kibanda cha uani kina taa, baiskeli mbili sasa badala ya moja. Mlango wa zamani wa fleti ya 3 umekuwa meza ya chakula nyumbani kwa Mzee, juu yake kioo. Ile chevda siku hizi inaliwa juu ya paneli nne.

Juu sikuhitaji kukagua sana. Bibi alinipigia Jumanne akasema, "Mwanangu, mlango leo haukusema." Nilimuuliza haukusema nini. "Ule 'ka' wake. Unafika, unakaa kimya." Nilipokwenda, bati la fremu lilikuwa limeshuka tena milimita moja, mbao hutulia hivyo joto likianza. Mimi kwa tochi na sarafu ningeligundua leo. Yeye aligundua siku nne kabla yangu, akiwa jikoni, mgongo umeelekea mlangoni.

Ukaguzi ujao Septemba. Nimemwandika kwenye daftari, safu ya mkaguzi, chini ya jina langu.